Kwenye kiti cha kebo huwezi kusema "Shusha!"

Majira ya baridi ya 2025/26 ndiyo ya kwanza tangu Ufaransa iitoe nje vita yake dhidi ya sigara. Kuanzia mwishoni mwa Juni 2025, anayevuta ufukweni wakati wa msimu wa kuogelea, kwenye bustani ya umma, kwenye kibanda cha kusubiria basi, au karibu na lango la shule, maktaba na uwanja wa michezo, anaweza kutozwa faini ya yuro 135. Milano, mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026 pamoja na Cortina, ilitangulia: tangu Januari 2025 mvutaji barabarani anatakiwa awe mita 10 mbali na mtu mwingine. Miteremko ya skii, yaani ya kuteleza kwenye theluji, haikutajwa kwenye orodha ya Ufaransa, na ndiyo maana watu wanabishana. Wengine wanataka marufuku ipande hadi kileleni. Wengine wanauliza ni nani mwenye akili timamu atakayepima moshi kwenye mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Jamaa zangu wa Dar, nilipowasimulia, walicheka tu: wazungu wameishiwa matatizo. Mimi naona pande zote zinapima kitu ambacho hakihitaji kupimwa, yaani wingi wa hewa. Ningeanza na swali jingine: kati ya anayevuta na aliye jirani yake, ni nani anayeweza kuondoka?

Kwa asiyewahi kupanda, kiti cha kebo ni benchi la chuma linaloning'inia kwenye waya mnene unaozunguka kutoka bondeni hadi juu. Vya zamani hubeba watu 2 au 4, vya sasa 6 hadi 8. Mnakaa bega kwa bega, chuma cha kujikinga kinashushwa mapajani, miguu yenye skii inaning'inia, na chini yenu ni hewa tupu kisha theluji. Kebo ya zamani inayokwenda mita 2 na nusu kwa sekunde hupanda kilomita moja na nusu kwa dakika 10. Ya kasi huimaliza kwa dakika 5 hivi. Sigara moja nayo huisha kwa dakika 5 hadi 7. Ugomvi wote umezaliwa na hesabu hiyo. Kwa mvutaji, hapa ndipo siku yake yote inapompa nafasi: amekaa, mikono haina kazi, hakuna cha kufanya ila kutazama milima. Kwa jirani yake, hii ni daladala iliyojaa ambayo konda wake amebaki kituoni. Piga kelele "Shusha!" mpaka sauti ikauke, hakuna wa kusikia na hakuna pa kushukia. Viti vingine vina kifuniko cha plastiki kinachoteremshwa upepo ukizidi, na hapo hata ile hoja ya anga kubwa inafungiwa nje pamoja na upepo.

Niliwahi kufanya kazi ya jikoni msimu mmoja kwenye kituo cha skii huko Savoie, kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa, na siku za mapumziko nilikuwa nikipanda kujifunza. Siku moja tulikuwa sita kwenye kiti. Mwanamume wa pili kutoka mwisho alivua glovu kwa meno, akakinga kiberiti kwa kiganja, akawasha. Pembeni yake, mwisho kabisa, alikaa mtoto wa kike wa miaka saba hivi mwenye kizibao cha shule ya skii, aliyepakiwa naye kwa sababu walimu huwagawa watoto miongoni mwa watu wazima. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda kwake. Mtoto aliingiza pua ndani ya kola ya koti, akabaki hivyo hadi juu. Hakuna aliyesema neno, na mimi nikiwemo. Tulipofika, mwanamume yule aliinua chuma, akamshika mtoto mkono, akamshusha kwa upole kama anavyostahili kushushwa. Hakuwa mtu mkorofi. Aliamini kwamba anga limeuchukua moshi.

Imani hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayotamkwa kwa kujiamini zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha vipimo vya moshi wa sigara katika maeneo ya wazi. Waligundua kwamba ukiwa hatua moja kutoka kwa mvutaji, hasa upande unakokwenda upepo, moshi unaweza kufikia viwango vya ndani ya nyumba. Ukivuka kama mita 2, unakaribia hewa ya kawaida. Na sigara ikizimwa, moshi hutoweka mara moja, tofauti na chumbani unakobaki kwa saa. Utafiti huo unawapa haki watu wa pande zote mbili. Aliyesimama peke yake kando ya mteremko na sigara yake hamdhuru yeyote, na anayemfuata pale kumkemea anatafuta ugomvi. Lakini kwenye benchi la watu sita, kila mmoja ana nafasi ya nusu mita hivi. Majirani wa mvutaji hawawezi kufika mita 2 hata wakitaka. Anga inaweza kuwa kubwa kuanzia hapo hadi Italia na isiwasaidie kitu.

Hata hivyo upande wangu nao una hoja dhaifu, na afadhali niiseme mwenyewe kabla sijasemewa. Ni ile ya kutaja vifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa wengine huua zaidi ya watu milioni 1 kwa mwaka, na idadi hiyo hutupwa mezani kila panapozungumzwa sigara mlimani. Vifo hivyo vina mahali pake: nyumba ambamo baba anavuta kila jioni, ofisi, baa, gari lililofungwa vioo, miaka nenda miaka rudi. Dakika sita za moshi kwenye kiti cha kebo hazimuui mtu mzima mwenye afya. Mwenye pumu zinaweza kumharibia siku, na mjamzito ana haki ya kutozitaka, lakini tukidai kwamba tunaokoa maisha kileleni, mvutaji anatushika uongo na kutoka hapo hasikilizi tena. Waziri wa afya wa Ufaransa alipotangaza marufuku ya 2025 alijenga hoja yake juu ya watoto: walipo watoto, tumbaku iondoke. Hiyo naikubali, kwa sababu inahusu wanachokiona na kukizoea. Ila ni hoja ya malezi. Ya mlimani kwangu ni hoja ya adabu, na adabu haihitaji maiti ili iwe na uzito. Kukohoa usoni mwa mtu nako hakuui.

Tujiulize pia kwa nini ugomvi huu umezuka sasa, wakati watu wamekuwa wakivuta kwenye viti hivi tangu vilipowekwa. Jibu liko ndani ya baa. Italia iliwatoa wavutaji nje ya migahawa Januari 2005, Ufaransa ikawatoa kwenye mikahawa Januari 2008. Austria ndiyo iliyochelewa, na kisa chake kinafundisha. Nchi hiyo ilikuwa ikiitwa kisahani cha majivu cha Ulaya. Marufuku ya baa ilipangwa kuanza Mei 2018, serikali mpya ya muungano ikaifuta, huku kiongozi wa FPÖ, chama cha mrengo wa kulia, Heinz-Christian Strache, mvutaji mwenyewe, akiifanya kuwa hoja ya uhuru wa raia. Zaidi ya watu 880,000 walitia saini ombi la kuirudisha, katika nchi ya watu wasiofika milioni 9. Serikali ile ilianguka Mei 2019 kwa kashfa nyingine kabisa, na marufuku ikaanza 1 Novemba mwaka huohuo, wiki chache kabla ya msimu wa skii. Kabla ya hapo, mteleza skii wa Tirol, jimbo la milima la Austria, alikuwa akivuta hewa safi mchana na moshi usiku, ndani ya baa zilezile za muziki na bia ambazo Machi 2020, korona ilipolipuka pale Ischgl, ziliionyesha Ulaya nzima jinsi pumzi ya mtu mmoja inavyoweza kuwa ya wote. Moshi ulipofukuzwa ndani haukuzimika. Ulihamia mlangoni, kwenye baraza za jua, kwenye foleni za kebo, kisha ukapanda kiti. Kwa hiyo mvutaji anaposema "kwanza mlitutoa ndani, sasa mnatutoa hata nje", anasema kweli. Anayemjibu kwa kejeli hajibu kitu.

Mchezo wenyewe una jibu zuri zaidi, na halikutoka wizarani. Shirikisho la Kimataifa la Skii lina kanuni 10 za mwenendo mteremkoni, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1967, na mahakama za nchi za Alpi huzitumia kuamua nani alaumiwe watu wakigongana. Ya kwanza inataka kila mtu aende kwa namna isiyomhatarisha wala kumletea hasara mwingine. Ya tatu ndiyo moyo wake: anayetoka nyuma ndiye anayepaswa kuchagua njia ambayo haitamdhuru aliye mbele. Sababu yake ni nyepesi. Wa nyuma anamwona wa mbele. Wa mbele hana macho kisogoni. Wajibu umewekwa kwa mwenye uwezo wa kuamua. Kanuni zote 10 hazitaji sigara, lakini mantiki hiyo inatosha kuisimamia. Mvutaji ndiye anayechagua wapi na lini. Jirani yake amekwisha kufungiwa chuma mapajani. Kaka mmoja kutoka Bukavu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kebo ya kituo kile na mvutaji wa siku nyingi, alinieleza jambo hilohilo bila kanuni yoyote: "Ndugu yangu, mwenye kushika sigara ndiye anajua upepo unakwenda wapi. Mwenye kukaa pembeni anaupokea tu."

Hoja nzito ya wapinzani ni ya utekelezaji. Nani atasimamia? Colorado, huko Marekani, imetoa somo. Bangi ilianza kuuzwa kihalali madukani huko Januari 2014, lakini kuivuta hadharani kulibaki kosa, na vituo vingi vikubwa vya skii vya jimbo hilo viko kwenye ardhi ya misitu ya serikali kuu, ambako bangi ni haramu moja kwa moja. Watu walikuwa wamekwisha kujijengea vibanda vya kuvutia ndani ya miti. Kimoja kilichojulikana sana, kwenye kituo cha skii cha Breckenridge, kililipuliwa kwa baruti mwanzoni mwa 2014. Vingine vikabaki. Marufuku ya mlima mzima, mfano wa ile iliyotangazwa na Whistler Blackcomb nchini Kanada, inasomeka vizuri kwenye bango, ila haina macho msituni. Na tusiwasahau wafanyakazi: mpishi, mwendesha kebo, dereva wa mashine ya kusawazisha theluji, watu wanaofanya zamu ndefu kwenye baridi kali na kupewa robo saa ya kupumzika. Ukimwambia mtu huyo kwamba mlima mzima ni haramu, atavuta nyuma ya pipa la gesi. Nimeona kwa macho yangu, na pipa lilikuwa limejaa. Hii yote ni sababu ya kupunguza ukubwa wa marufuku. Kiti na foleni yake vina msimamizi anayepokea kila abiria mmoja mmoja, mwenye uwezo wa kusimamisha kebo, na kituo kinaweza kumnyang'anya mkorofi tiketi yake ya siku. Katika mlima mzima ni vigumu kupata mahali rahisi zaidi kusimamia.

Basi iachiwe adabu, wanasema wengine, na hapo lazima niwe mwangalifu kwa sababu adabu ni neno langu pia. Wajapani wamelitumia kuliko taifa lolote. Kampuni kubwa ya tumbaku huko, Japan Tobacco, ambayo serikali inamiliki theluthi ya hisa zake, imekuwa ikiendesha matangazo ya kuwafunza wavutaji ustaarabu: angalia nyuma, usitupe kipisi, kumbuka kwamba mkono ulioshika sigara unapita sawa na uso wa mtoto. Visahani vya majivu vya mfukoni vinauzwa kwenye maduka ya kawaida. Ni mafunzo mazuri, na mvutaji wa Kijapani kweli hujitenga. Lakini kampuni ya sigara ina faida kwenye wazo kwamba tatizo ni tabia ya mvutaji na kamwe si bidhaa yenyewe. Mtaa wa Chiyoda wa Tokyo uliona mwisho wa njia hiyo mwaka 2002, ukaanza kutoza faini ya yeni 2,000 barabarani chini ya kaulimbiu ya kutoka adabu kwenda sheria. Nami nasimama hapohapo: adabu inatosha pale ambapo aliyekerwa anaweza kusogea. Pale asipoweza, adabu ya mwenzake ni bahati nasibu, na mtoto wa miaka saba hapaswi kuchezeshwa bahati nasibu.

Sisi tusicheke sana. Adabu ya sigara tuliyolelewa nayo pwani na bara ilikuwa ya cheo. Kijana hakuvuta mbele ya wazee. Akimwona mjomba anakuja, sigara ilizimwa kwa vidole au kufichwa kiganjani mpaka ikaunguza. Ilikuwa heshima ya kweli, wala siibezi. Lakini ilihusu nani anaona, haikuhusu nani anavuta pumzi. Mjomba huyohuyo aliwasha yake akiwa na mjukuu mapajani, na hakuna aliyeona kosa, kwa kuwa mtoto hana cheo. Mwanamume wa Savoie na mjomba wetu ni ndugu: wote wawili wana adabu, na ya wote wawili inaruka kichwa cha mtoto. Sheria zetu nazo zilikuja kwa vipimo. Tanzania ilitunga yake mwaka 2003, Kenya 2007, na Uganda mwaka 2015 ikaweka mita 50 kutoka mahali pa umma. Mita 50! Katikati ya Kampala, hiyo inamaanisha mvutaji apande mti. Milano inasema 10. Vipimo hivi vinahitaji mtu wa kuvipima, wakati swali la nani anaweza kuondoka lina majibu ya wazi hata gizani: kwenye pantoni ya Kigamboni huwezi, kwenye foleni ya benki huwezi, kwenye ufuo wa Coco asubuhi unaweza.

Vipisi sitavizungumzia sana, maana hapo hakuna wa kunipinga kwa uzito. Kichungi cha sigara kimetengenezwa kwa plastiki ya asetati, na theluji haikimezi, inakihifadhi tu. Mwezi Mei, theluji ikiyeyuka, chini ya kila kebo unaona mstari wa vipisi unaofuata waya kutoka nguzo hadi nguzo, umelala juu ya majani ya kahawia yaliyobanwa chini, na wanaojitolea hupita na magunia kuviokota. Wiki chache baadaye wanaletwa ng'ombe. Miteremko hiyo ndiyo malisho ya kiangazi ya ng'ombe ambao maziwa yao hutengeneza jibini la Beaufort, analolipia bei kubwa mtu yuleyule aliyedondosha kipisi.

Turudi kwenye amri ya Ufaransa. Ndani yake tayari kuna wazo sahihi, ila limewekwa mahali pamoja tu: kibanda cha basi. Anayesubiri basi akiondoka kwa ajili ya moshi, basi linampita. Kwa hiyo sheria imemlinda pale. Foleni ya kebo ni kibanda cha basi. Kiti cha kebo ni basi lenyewe, lisilo na mlango. Kama magari ya kebo yaliyofungwa hayavutiwi ndani, sioni kwa nini kiti kihesabiwe kuwa mlima badala ya chombo cha usafiri. Sheria ikatae sigara kwenye foleni, kwenye kiti, na kwenye meza za baraza ambako watu wanakula, hata kama mikahawa itapiga kelele, na itapiga. Kisha iache. Isimfuate mtu ukingoni mwa mteremko. Kituo kiweke kopo la majivu hatua 30 kutoka kebo inapoishia, upande unakokwenda upepo, ili mvutaji ajue pa kwenda baada ya kungoja dakika zake sita. Mchezo huu unajua kungoja. Kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, Mnorwe Bjørn Dæhlie alikwisha kushinda dhahabu ya kilomita 10, akabaki kwenye baridi mstarini akimsubiri Mkenya Philip Boit, wa mwisho kabisa, aliyetumia dakika 20 zaidi yake, ili amkumbatie.

Yule kaka wa Bukavu alikuwa ameshajipangia utaratibu wake. Zamu ikiisha alipanda na kiti cha mwisho akiwa na sigara nyuma ya sikio, chini ya kofia ya sufu, haijawashwa. Juu alizunguka nyuma ya kibanda cha injini, akachungulia bendera ya waokoaji kuona inapepea kuelekea wapi, ndipo akatoa kiberiti. Kipisi alikitia kwenye kopo tupu la samaki alilolifunga kwa waya kwenye nguzo. Nilipomuuliza ni nani aliyemwagiza kuweka kopo lile, alishangaa. "Nani aniagize? Mimi ndiye ninayefagia hapa mwezi wa tano."